Kutoka "Panda Gari" hadi Ibara ya 6: Historia ya Dhamira ya Kitenzi katika Sarufi za Kiingereza na Kiswahili, Jinja na Mbale

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia jinsi dhana ya dhamira ya kitenzi, kama ilivyofundishwa katika sarufi ya Kiingereza, ilivyoingia katika ufafanuzi wa lugha za Mashariki mwa Uganda na katika ufundishaji wa shuleni tangu mwanzo wa karne ya 20. Yanadai kwamba desturi ya kukifasiri kiishio -e cha lugha za Kibantu kwa neno la Kiingereza "may" iliacha kasoro ambayo bado inaathiri tafsiri ya sheria, yakiwemo masharti ya Katiba ya Uganda yanayoihusu lugha ya Kiswahili yenyewe.

Utangulizi

Mto Nabuyonga huteremka kutoka miteremko ya Mlima Elgon na kukatiza katikati ya mji wa Mbale. Mwishoni mwa Julai 2022 mto huo, pamoja na Namatala, ulivunja kingo zake na kuua watu zaidi ya 20. Tangu hapo matangazo ya tahadhari kwa wakazi wa kingo za mito ya Mbale yamekuwa jambo la uhai na kifo, nayo hupitia lugha zisizopungua nne kabla ya kumfikia mkazi: Kiingereza cha ofisini, Luganda ya sokoni, Lumasaaba ya nyumbani na Kiswahili cha wasafiri, wafanyabiashara na askari.

Ichukuliwe sentensi moja ya Kiingereza cha serikali inayosema kwamba wakazi "should move". Kwa Kiswahili inaweza kuwa "hameni", "mhame", "mnapaswa kuhama", "mnashauriwa kuhama" au hata "mtahama". Tano zote ni Kiswahili sahihi, na tano zote zimewahi kuhesabiwa na mfasiri fulani kuwa tafsiri ya neno hilohilo. Ya kwanza ni amri na ya nne ni ushauri ambao mwenye nyumba ana haki ya kuukataa. Tofauti hii ndiyo wanaisimu wa Kiswahili wanayoiita dhamira, na wengine hali: namna kitenzi kinavyoonyesha msimamo wa msemaji juu ya tendo, iwapo analiarifu, analiamuru, analitaka, analiruhusu au analiwazia tu.

Dhamira huchukuliwa kuwa mada kavu ya darasani, sura ambayo mwalimu huipitia kwa haraka kati ya njeo na kauli ya kutendwa. Historia yake katika eneo la Jinja na Mbale inaonyesha vinginevyo.

Sarufi zilizofika Nabumali

Kiingereza cha leo kina dhamira chache sana zinazoonekana katika umbo la kitenzi. Viishio vya zamani vilipukutika karne nyingi zilizopita, na masalio yake ni kama "if I were" na "that he be", ambayo wasemaji wengi huyatumia bila kujua jina lake. Kazi ya dhamira ilihamia katika vitenzi visaidizi "may", "shall", "must", "should" na wenzao. Hata hivyo, wanasarufi wa Uingereza wa karne ya 18 waliendelea kuipima lugha yao kwa kipimo cha Kilatini. Lindley Murray, ambaye kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1795 kilienea kuliko kingine chochote cha aina yake, alihesabu dhamira tano: arifu, amrishi, ya uwezekano, tegemezi na ile ya kitenzi-jina. Vitenzi visaidizi kama "may" na "must" vilikuwa na makao yao katika dhamira ya uwezekano.

Kadiri karne ya 19 ilivyokaribia mwisho, waandishi wengi wa vitabu vya shule waliiacha dhamira hiyo ya uwezekano kwa hoja kwamba haikuwa na umbo lake lenyewe. Hoja yao ilikuwa nzuri, na Otto Jespersen aliipa msingi imara mwaka 1924 aliposisitiza kwamba dhamira ihesabiwe pale tu ambapo umbo la kitenzi linaidhihirisha. Lakini kwa mwanafunzi matokeo yake yalikuwa ya ajabu: "may" na "shall", maneno yenye uzito mkubwa kuliko yote katika sheria na utawala wa Kiingereza, yalibaki bila makao katika sura ya dhamira. Yaliwekwa katika orodha ya vitenzi visaidizi na kufundishwa kama msamiati.

Wamisionari walioandika sarufi za kwanza za Kibantu walilelewa katika mapokeo hayo. Ludwig Krapf alichapisha muhtasari wake wa Kiswahili huko Tübingen mwaka 1850. Edward Steere akafuata na kitabu chake cha mwongozo mwaka 1870. Mashariki mwa Uganda kazi ilianzia katika vituo vya Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza huko Masaba. W. A. Crabtree, aliyefungua njia ya misheni hiyo, ndiye aliyeandika sarufi ya Luganda iliyochapishwa London mwaka 1902. Mwenzake J. B. Purvis alitoa sarufi ya Lumasaba mwaka 1907. Vitabu hivi vinastahili heshima. Viliandikwa na watu wasiokuwa na maktaba wala vinasa sauti, katika nchi ambayo barabara zake zilikuwa bado ni njia za miguu.

Walichokikuta Masaba hakikufanana na Kiingereza hata kidogo. Lugha za Kibantu za eneo hilo zina dhamira inayosikika. Kitenzi-jina cha Lumasaaba huanza na khu-, kama khukhola, na cha Luganda na Lusoga huanza na oku-, kama okukola; msemaji anapotaka tendo litendeke bila kuliarifu kuwa limetendeka, kiishio -a hugeuka kuwa -e. Luganda husema akole, Lumasaaba akhole, Kiswahili afanye. Mtoto wa Mbale huimudu tofauti hiyo kabla hajaota meno ya ukubwani. Luganda inakwenda mbali zaidi: kumwamuru mmoja ni kola, lakini kuwaamuru wengi ni mukole, yaani umbo la -e ndilo linalobeba amri ya wingi. Kiswahili nacho hulazimika kutumia -e katika kukataza, kwa kuwa hakuna njia nyingine sanifu ya kumwambia mtu asifanye.

Umbo hili lilihitaji tafsiri ya Kiingereza katika jedwali la vitenzi. Vitabu vya Kilatini vya shule za Uingereza vilikuwa na desturi ya kuitafsiri dhamira tegemezi kwa "may", na wamisionari waliihamisha desturi hiyo bila kuichunguza. Hivyo afanye ikawa sawa na "that he may do", na katika kumbukumbu za vizazi vya wanafunzi -e ikawa sawa na "may".

Ulinganisho huo ni wa kweli katika mazingira machache tu. "Amekuja ili aone" huafikiana na "may" ya kale ya kusudi. Lakini "Mzee Wandera aende nyumbani" si ruhusa wala uwezekano. Aliyesema hivyo anataka Mzee Wandera aondoke. Kiishio -e katika sentensi kuu ya Kiswahili huelekea upande wa wajibu, ilhali "may" ya sheria ya Kiingereza huelekea upande wa hiari.

Amri za Luganda, amri za Kiswahili

Wakati sarufi hizi zikiandikwa, wakazi wa Masaba walikuwa wakijifunza dhamira kwa njia nyingine. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeitwaa Bukedi akiwa na wafuasi wake wenye bunduki, alijenga makao Mbale mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1906 serikali ya Himaya ilimhamishia Jinja awe mkuu wa baraza la Busoga, kazi aliyoishika hadi 1913 kabla ya kurejea Mbale. Kwa maisha ya mtu mmoja, miji hii miwili iliunganishwa chini ya utawala wa Luganda. Mawakala wa Kiganda walikusanya kodi, walisimamia kazi ya barabara na walihubiri kanisani, na Biblia ya Luganda, iliyokamilika mwaka 1896, ndiyo iliyosomwa. Mkulima wa Wanale alisikia mukole kabla hajasikia "you shall".

Kiswahili kilikuja kwa milango mingine. Misafara ya pwani ilikuwa imepita kandokando ya Elgon kutafuta pembe za ndovu kabla ya karne ya 19 kwisha. Reli ya Busoga, iliyofunguliwa mwaka 1912 kutoka Jinja hadi Namasagali, ilileta vibarua na makarani. Lakini mlango mkubwa ulikuwa kambi ya jeshi. Kikosi cha nne cha King's African Rifles, ambacho baadaye makao yake yalikuwa Jinja, kiliwachukua vijana kutoka Acholi, Lango, Teso na Nile Magharibi, na Kiswahili kilikuwa lugha yao ya pamoja. Maafisa wa Kiingereza walijifunza lugha hiyo kwa mtihani.

Kiswahili cha bara kilichozungumzwa kambini kilikuwa na sarufi iliyopunguzwa. Amri ilitolewa kwa umbo tupu la -a, au hata kwa kitenzi-jina: "leta" mahali pa "lete", "kuja hapa" mahali pa "njoo". Umbo la -e, lenye uwezo wa kuomba, kushauri, kupendekeza na kuamuru kwa adabu, lilififia. Mtu aliyekifahamu Kiswahili kupitia kambi peke yake alikifahamu kama lugha ya dhamira moja.

Hili halikuwa kosa la Kiswahili. Lugha yoyote ingepata sura hiyo endapo raia wangeisikia kwa askari tu. Ila wanasera wanaoshangaa kwa nini wananchi wengi wa Uganda walikiogopa Kiswahili wanapaswa kuanzia hapa. Katika miaka ya 1980, wakati wa misako ya kijeshi iliyowakumba wakazi wa Kampala na maeneo ya jirani, watu waliiita misako hiyo kwa maneno mawili ya Kiswahili: panda gari. Kitenzi katika dhamira amrishi kiligeuka kuwa jina la tukio, na jina hilo limebaki katika kumbukumbu ya taifa hadi leo. Katika Kiswahili cha pwani, kondakta anayemwambia abiria "panda, mama, twende" hutumia kitenzi hichohicho, wala hakuna anayetetemeka.

Mjadala wa sera nao ulipita juu ya suala hili bila kuligusa. Mwaka 1927 Gavana William Gowers aliandika waraka wa kutaka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya elimu na utawala nchini Uganda. Maaskofu wa Kianglikana na wa Kikatoliki walimpinga, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa alichapisha hoja zake dhidi ya mpango huo. Walibishana kuhusu hadhi ya Luganda, kuhusu dini na kuhusu hofu ya kuunganishwa na Kenya, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Hakuna upande uliouliza raia angekutana na Kiswahili katika sentensi za aina gani. Kufikia mwaka 1952 Kiswahili kilikuwa kimeondolewa katika orodha ya lugha za shule za Uganda, na kikaachwa kwa askari na polisi. Idi Amin, ambaye mwenyewe alilelewa na King's African Rifles, alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 kwa amri ya kijeshi. Kwa mara nyingine Kiswahili kilifika kikiamuru.

Darasa lililogeuzwa

Katika shule kama Nabumali High School, chini ya Elgon, na Busoga College Mwiri, karibu na Jinja, mwanafunzi wa karne ya 20 alifundishwa dhamira za Kiingereza ili afaulu mitihani iliyotungwa Cambridge. Alikuja darasani akiwa na lugha inayotofautisha dhamira kwa sauti moja iliyo wazi, akakutana na lugha ambayo dhamira zake zimefichwa ndani ya vitenzi visaidizi. Mwalimu mwenye busara angeanza na alichonacho mwanafunzi: angempa akhole na akole, kisha angemwonyesha kwamba Kiingereza hugawa kazi ya umbo hilo moja kwa "should", "must", "let" na, mara chache, "may". Mafunzo yalikwenda kinyumenyume. Lugha ya nyumbani ilielezwa kwa majina ya Kiingereza, na Kiingereza kilielezwa kwa majina ya Kilatini.

Zilikuwapo juhudi za kurekebisha. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya Kiswahili ya mwaka 1944, alijitahidi kueleza maumbo kwa dhana zilizomo ndani ya lugha yenyewe, na mwaka 1954 alishirikiana na E. M. K. Mulira, E. G. M. Ndawula na A. N. Tucker kuandika sarufi ya Luganda kwa moyo huohuo. Mulira, aliyekwisha kutetea lugha za mama katika elimu kwa kitabu chake cha 1951, alilijua tatizo kwa undani wa mwenyeji. Hata hivyo, kazi hizo zilisomwa zaidi na wanaisimu kuliko walimu wa Kiingereza, na walimu wa Kiingereza ndio waliowafundisha mawakili na makatibu wakuu wa baadaye.

Maneno mawili katika Ibara ya 6

Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Ibara ya 6(2), kwa Kiingereza, ina vitenzi visaidizi viwili. Kiswahili "shall" kuwa lugha rasmi ya pili, kikitumika katika mazingira ambayo Bunge "may" kuyaainisha kwa sheria. Kisarufi, nusu ya kwanza inaweka na nusu ya pili inaachia.

Mfasiri anayeanza na "shall" hana shida kubwa. Kiswahili cha sheria kina desturi iliyokomaa ya kutumia -ta- kuanzisha jambo na si kulitabiri. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inaposema kwamba kutakuwa na Rais, haibashiri, inaunda cheo. "Kiswahili kitakuwa lugha rasmi ya pili" inatosha.

Shida iko katika "may". Aliyefunzwa kwa jedwali la kale, kwamba -e ni "may", ataandika: "katika mazingira ambayo Bunge liyaainishe kwa sheria". Msomaji wa Kiswahili ataielewa sentensi hiyo, kama ataikubali, kuwa inalidai Bunge litunge sheria. Mwingine ataandika "ambayo Bunge laweza kuyaainisha", na hapo Bunge lina uwezo lakini halina deni. Wa tatu ataandika "yatakayoainishwa na Bunge kwa sheria", maneno yenye mlio wa ahadi: sheria inakuja, tarehe tu haijatajwa. Tafsiri moja inampa raia wa Mbale hoja ya kulidai Bunge. Ya pili inampa Bunge ruhusa ya kunyamaza. Ya tatu ndiyo inayosikika vizuri zaidi sikioni, na kwa sababu hiyohiyo ndiyo inayohitaji kuangaliwa sana, kwa maana inamfanya msomaji aamini kuwa kipo kitu ambacho matini asilia haikukiahidi.

Kwa kuifuata matini ya Kiingereza kama ilivyo, tafsiri ya pili ndiyo aminifu. Haipendezi kwa mpenzi wa Kiswahili, lakini mfasiri wa sheria hana mamlaka ya kulipa Bunge wajibu ambao Katiba haikulipa. Anayeutaka wajibu huo aende kubadilisha Katiba, asiuchomeke kwa kiishio.

Tanzania imepitia njia inayofanana ikiwa na msaada mmoja ambao Uganda inaweza kuuazima. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kifungu cha 53, inaeleza kwamba "may" hutoa hiari na "shall" huweka wajibu. Baada ya marekebisho ya mwaka 2021 kukifanya Kiswahili lugha ya sheria na mahakama, waandishi wa sheria walikuwa na kigezo cha kupimia kila -ta-, kila "anaweza" na kila "atapaswa" katika sheria zinazogeuzwa kutoka Kiingereza. Kigezo hicho kinataka matumizi ya uaminifu, lakini angalau kipo.

Katika ngazi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Ibara ya 137 ya Mkataba wa 1999 inasema kwamba Kiswahili kitaendelezwa kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa na hakina mtenda. Wajibu upo, mwenye kuubeba hatajwi. Hapo sura mbili za sarufi, dhamira na kauli, zinakutana kuzaa sharti ambalo ni vigumu kumshtaki mtu yeyote kwa kulivunja.

Tangazo la Baraza la Mawaziri la Uganda la Julai 2022, lililotekeleza agizo la Wakuu wa Nchi za Jumuiya kuhusu Kiswahili, lilieleweka katika vyombo vingi vya habari kuwa limekifanya Kiswahili somo la lazima katika shule zote. Kitenzi kilichotumika kuhusu shule kilikuwa cha kupendekeza: ilipendekezwa kwamba somo hilo liwe la lazima na litahiniwe. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulikuwa tayari umekiweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima katika miaka miwili ya mwanzo, kwa hiyo sehemu ya pendekezo ilikuwa na pa kusimama. Katika shule za msingi halikuwa na msingi huo. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi kando ya Nabuyonga, asiye na mwalimu wa Kiswahili wala vitabu, alisikia redioni kwamba Kiswahili "ni lazima", hali waraka ulisema "kiwe". Na "kiwe" hiyo, katika sentensi inayotawaliwa na kitenzi "kupendekeza", haina nguvu kuliko kitenzi kinachoitawala.

Kwa wakuza mitaala wa Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala, kuna jambo dogo linaloweza kufanyika bila kusubiri Bunge. Sura ya dhamira katika kitabu cha Kiingereza na sura ya dhamira katika kitabu cha Kiswahili zinaweza kuandikwa na jopo moja, na mifano yake ikatolewa katika nyaraka ambazo mwanafunzi atakutana nazo: tangazo la tahadhari ya mafuriko, hati ya kodi ya chumba, waraka wa wizara, ibara ya Katiba. Mwanafunzi wa Mbale aulizwe katika kila sentensi ni nani anayelazimika, ni nani aliyeruhusiwa, na ni nani ambaye hakutajwa. Majina ya Kilatini yanaweza kusubiri hadi chuo kikuu.